UZI: Tommy Douglas, mchungaji aliyenusurika kukatwa mguu akawaachia Wakanada bima ya matibabu

Nyika ya Ngano (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Huu uzi nimekuwa nauahirisha tangu theluji ya mwaka jana. Naishi Regina, mji mkuu wa mkoa wa Saskatchewan nchini Kanada, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wazee wa huku wana jina moja ambalo hawachoki kulitaja: Tommy Douglas. Wengi wanalitaja kwa mapenzi. Wachache bado wana kinyongo naye, na ukiwauliza kisa wanakurudisha mwaka 1962 kana kwamba ni juzi.

Niseme mapema kwa nini habari ya huyu mzee imenishika. Kaka yangu mkubwa anachechemea. Alianguka kutoka juu ya mnazi akiwa na miaka 12, mfupa wa muundi ukavunjika na kutokeza nje. Hospitali tuliyompeleka, ambayo siitaji, ilitaka pesa ya kuanzia kabla mtoto hajaguswa. Baba alizunguka siku tatu kukopa. Alipozipata, kidonda kilikuwa kimeshafanya usaha hadi ndani ya mfupa. Mguu ulipona, ila haukurudi kuwa mguu. Sasa sikilizeni ya huyu Mskoti.

Thomas Clement Douglas alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1904 huko Camelon, karibu na Falkirk, Uskoti. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia chuma. Akiwa mtoto mdogo alianguka akaumia goti, na maambukizi yakaingia kwenye mfupa. Alipasuliwa mara kadhaa. Mwaka 1910 familia ikahamia Winnipeg, Kanada, na huko maradhi yakarudi kwa nguvu zaidi. Wazazi hawakuwa na uwezo wa kumwona bingwa, mtoto akalazwa wodi ya wasiolipa, na madaktari wakafikia uamuzi wa kuukata mguu.

Akapita bingwa mmoja wa mifupa aliyekuwa akifundisha wanafunzi wa udaktari. Akaitazama ile kesi, akaona ina somo. Akawaambia wazazi: nitamtibu bure, mradi wanafunzi wangu waruhusiwe kuangalia. Mguu ukasalimika.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilidhani itaishia kwenye shukrani, na kweli Douglas alimshukuru yule daktari maisha yake yote. Lakini alipokua alijiuliza swali lililomsumbua zaidi: je, yule bingwa asingepita wodini siku ile? Aliona mguu wake ulipona kwa bahati tu, na akasema wazi kwamba mguu au uhai wa mtoto haufai kutegemea kama wazazi wake wana pesa ya kumleta bingwa kitandani. Kila alichofanya baadaye katika afya kilitoka kwenye swali hilo.

Naingia zamu, nitaendelea usiku.

Mtumbwi

Dada nimeshakaa chini, naomba usitukate njiani kama wale wanaoanzisha uzi halafu wanapotea. Na pole sana kwa kaka.

Mwalimu wa Zamu

Tunafuatilia. Swali dogo: unaposema mkoa, ni kama mikoa yetu yenye mkuu wa mkoa anayeteuliwa?

Nyika ya Ngano

Nimerudi. Mwalimu, umeuliza jambo la msingi, maana bila hilo habari yote haieleweki. Mkoa wa Kanada una bunge lake, kodi zake na waziri mkuu wake, na masuala ya hospitali yako mikononi mwake. Ottawa kuna bunge la nchi nzima na waziri mkuu wa nchi. Douglas alipita kote kuwili. Alikuwa mbunge wa Ottawa kuanzia 1935 hadi 1944, waziri mkuu wa Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961, halafu akarudi Ottawa akiwa kiongozi wa chama na akabaki mbunge hadi 1979, ukiacha miezi michache aliyoangushwa. Miongo minne na ushee.

Tuendelee. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza baba yake alikwenda vitani, familia ikarudi Glasgow, kisha mwaka 1919 wakarejea Winnipeg. Muda si mrefu mji ukaingia kwenye mgomo mkuu wa wafanyakazi. Tarehe 21 Juni 1919, Tommy akiwa na miaka 14, yeye na rafiki yake walipanda juu ya paa la nyumba wakaona kila kitu: polisi wa farasi wakiwaingilia watu barabarani na kufyatua risasi. Watu wawili walikufa. Siku ile huku inaitwa Jumamosi ya Damu.

Aliacha shule mapema akajifunza kazi ya uchapaji, kupanga herufi kwa mashine. Jioni alikuwa anapigana ngumi. Mtu mfupi, mwembamba, mwenye ule mguu wa kuponea tundu la sindano, akawa bingwa wa uzito mwepesi wa mkoa wa Manitoba mwaka 1922 na akalitetea taji mwaka uliofuata. Mama yake hakupenda hata kidogo!

Baadaye akarudi shule, akasoma Chuo cha Brandon, akawa mchungaji wa Kibaptisti. Mwaka 1930 akamwoa Irma Dempsey na wakaenda kuanza maisha Weyburn, mji mdogo kusini mwa Saskatchewan. Wakatua katikati ya balaa.

Miaka ile bei ya ngano iliporomoka, kisha ukame ukaja juu yake. Udongo uliolimwa ukakauka, upepo wa nyika ukaubeba, mchana ukawa giza kwa vumbi. Watu waliweka mataulo yaliyoloweshwa kwenye madirisha. Daktari, pale alipokuwepo, alilipwa kuku, kuni au nusu ya nguruwe, na mara nyingi hakulipwa kabisa, kwa hiyo naye akahama. Mchungaji Douglas akawa anagawa nguo na chakula zaidi ya anavyohubiri. Alisimulia baadaye jinsi alivyowazika vijana wawili wenye familia changa, waliokufa kwa kukosa matibabu ambayo yangeweza kupatikana.

Septemba 1931, huko Estevan, si mbali na Weyburn, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma, na polisi wakawaua watatu. Lile paa la Winnipeg likamrudia.

Mwaka 1932 wakulima, vyama vya wafanyakazi na wasomi walikutana Calgary wakaanzisha chama kilichojulikana kama CCF, shirikisho la ushirika. Douglas akajiunga. Mwaka 1934 aligombea bunge la mkoa akashindwa vibaya. Kwa simulizi yake, alikuwa karibu kuachana na siasa, mpaka kiongozi mmoja wa kanisa alipomwambia asipoacha hatapata tena kanisa la kuchunga nchini Kanada. Hapo ndipo alipogombea. Mwaka 1935 akaingia bunge la Ottawa.

Kijukuu wa Pwani

Yaani wangemwacha akahubiri zake, wasingempata kwenye siasa.

Daktari Kijijini

Mleta uzi, andiko zuri, ila usituandikie maisha ya mtakatifu. Mimi nimesoma tiba na historia ya tiba. Huyu Douglas mwaka 1933 aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha McMaster akipendekeza baadhi ya watu, wale alioona wana upungufu wa akili au maadili, watengwe na wengine wafungwe uzazi. Alichagua familia kadhaa maskini za Weyburn akazifanya mfano. Hilo utaliweka wapi?

Nyika ya Ngano

Nitaliweka hapa hapa, daktari, na nakushukuru, maana nilikuwa natafuta pa kulisemea.

Ni kweli tupu. Tasnifu ipo, na inauma kuisoma. Mtu aliyeokolewa kwenye wodi ya maskini anawatazama maskini wenzake kama mbegu mbovu. Mawazo hayo yalikuwa yameenea sana Amerika ya Kaskazini wakati ule, vyuoni na makanisani, lakini kuenea hakuyafanyi kuwa mema. Sitamtetea kwa hilo.

Ninachoweza kuongeza ni alichofanya alipopata mamlaka. Mwaka 1936 alitembelea Ujerumani akaona Unazi kwa macho yake. Alipokuwa waziri mkuu wa mkoa aliishika mwenyewe wizara ya afya, na mezani kwake zilifika ripoti mbili zilizopendekeza sheria ya kufunga watu uzazi. Hakuipitisha. Mkoa jirani wa Alberta ulikuwa na sheria kama hiyo tangu 1928 hadi ilipofutwa 1972, na watu wapatao 2,800 walifungwa uzazi kwa mkono wa serikali. Saskatchewan haikuwa na sheria hiyo. Tasnifu yake ni doa, na kuikataa sheria ni haki yake. Nayaweka yote mawili.

Daktari Kijijini

Nimeridhika. Endelea.

Nyika ya Ngano

Sasa tunafika 1944. Vita ya pili inaelekea ukingoni. Douglas ameacha kiti cha Ottawa ili aongoze CCF katika uchaguzi wa mkoa. Tarehe 15 Juni 1944 wakapata viti 47 kati ya 52. Serikali ya kwanza ya kijamaa kwa njia ya kura katika Amerika ya Kaskazini yote, tena kwenye mkoa wa wakulima wa ngano!

Kampeni zake zilikuwa burudani. Alikuwa na kipaji cha kuchekesha, na hadithi aliyoipenda ni ya nchi ya panya waliokuwa wakijichagulia serikali ya paka. Mara paka weusi, mara paka weupe, na sheria zote nzuri sana, kwa paka: matundu ya panya yawe mapana ili mguu wa paka uingie, mwendo wa panya upunguzwe. Panya walipochoka na weusi walichagua weupe. Siku panya mmoja aliposema kwa nini tusichague panya wenzetu, wakamwita mkomunisti wakamfunga. Wakulima walielewa bila kutafsiriwa. Hadithi aliitoa kwa mwenzake Clarence Gillis, mbunge aliyetoka kwenye machimbo ya makaa, na hakuficha.

Lakini ukiacha hadithi, nataka mwone alivyopanga kazi. Mkoa ulikuwa umelemewa na madeni ya miaka ya ukame. Yeye na waziri wake wa fedha, Clarence Fines, walishika msimamo mmoja: hatuahidi kitu ambacho hatujui tutakilipaje, na hatutaki kuwa mateka wa mabenki. Bajeti baada ya bajeti walimaliza mwaka na ziada, deni likawa linapungua. Kwa hiyo bima ya matibabu haikuja 1944. Ilikuja kwa vipande, kila kipande kikisubiri pesa yake.

Kwanza wakampa profesa Henry Sigerist wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kazi ya kuzunguka mkoa na kueleza hali ya afya. Kisha wastaafu wa kipato duni wakapewa matibabu bila malipo, na vivyo hivyo wagonjwa wa saratani na wa akili. Mwaka 1946 eneo la Swift Current likaanzisha bima yake ya madaktari na hospitali, wakulima wakijitoza wenyewe, na hilo likawa shamba la majaribio. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza mkoa mzima: dola 5 kwa mtu kwa mwaka, familia haizidi dola 30, na ukilazwa hudaiwi.

Mzee mmoja ninayemhudumia aliniambia kwao kadi ile ilihifadhiwa ndani ya Biblia.

Toronto Mbagala

Dada, na mimi niko Kanada, Ontario. Uzi mzuri ila waambie watu ukweli wa sasa. Nimesubiri miezi tisa kumwona bingwa wa goti. Kwenye chumba cha dharura nilikaa saa kumi na moja. Daktari wa familia sina mpaka leo. Watu nyumbani wakisoma hapa watadhani tuko peponi.

Nyika ya Ngano

Ndugu yangu, umesema kweli na pole kwa goti. Foleni ni ndefu, na huku Saskatchewan ni hivyo hivyo. Na si kila kitu kimo: dawa za kununua dukani, meno na miwani kwa mtu mzima wa kawaida havimo kwenye bima ya msingi, na gari la wagonjwa likikubeba utaletewa bili. Douglas mwenyewe alisema hadi uzeeni kwamba kazi ilikuwa nusu. Kwake hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa pesa kati ya mgonjwa na daktari, na ya pili, iliyo ngumu zaidi, ilikuwa kubadilisha namna huduma yenyewe inavyotolewa ili watu wasiugue ovyo. Ya pili haijafanyika sawasawa.

Ila nikuulize: katika hiyo miezi tisa, kuna aliyekuuliza una shilingi ngapi?

Toronto Mbagala

Hakuna. Hilo siwezi kulikataa. Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji, tukatoka hospitali tumelipia maegesho ya gari tu.

Nyika ya Ngano

Asante. Basi niingie kwenye vita yenyewe.

Mwaka 1957 bunge la Ottawa lilipitisha sheria ya kuchangia gharama za hospitali za mikoa, na fedha zikaanza kumiminika 1958. Saskatchewan ilikuwa imezibeba peke yake kwa miaka kumi na moja. Kwa mara ya kwanza mfuko wa mkoa ukapata nafasi, na Douglas akasema sasa tunalipa na madaktari, si vitanda tu. Alitangaza mpango huo 1959 na kueleza misingi yake: watu walipe kabla ya kuugua, mpango umchukue kila mtu, huduma iwe ya kiwango cha juu, usimamizi uwe wa umma, na ukubalike kwa watoaji na wapokeaji wa huduma. Akaupeleka kwa wapiga kura 1960. Chama cha madaktari kikachanga fedha na kufanya kampeni kali dhidi yake, wakiwatisha watu kwamba madaktari watahama na watakaochukua nafasi zao watakuwa makapi. Akashinda.

Muswada ukapelekwa bungeni mwishoni mwa 1961, lakini yeye alikuwa anaondoka. Agosti mwaka huo CCF iliungana na vyama vya wafanyakazi ikazaliwa New Democratic Party, yaani NDP, na Douglas akachaguliwa kiongozi wake wa kwanza. Uwaziri mkuu wa mkoa akamwachia Woodrow Lloyd, mwalimu, mtu mkimya. Naomba jina hili mlikumbuke.

Tarehe 18 Juni 1962 ulifanyika uchaguzi wa nchi. Douglas aligombea hapa Regina, mji wa serikali yake mwenyewe. Akapigwa. Mji ulikuwa unatokota kwa hofu ya bima, na hasira zote zilimwangukia yeye.

Tarehe 1 Julai sheria ikaanza kazi, na siku hiyo hiyo madaktari wengi wa mkoa wakafunga milango. Zilibaki hospitali chache za dharura. Kamati za kuwatetea madaktari zikaundwa kila mji. Walioitisha maandamano mbele ya jengo la bunge, Regina, walitarajia makumi ya maelfu, wakaja elfu chache. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Wananchi wengine wakaanzisha kliniki zao za ushirika. Siku 23! Mmoja wa wazee wetu alikuwa nesi kijana wakati ule, bado anakumbuka korido tupu na simu ambazo hakuna wa kuzipokea.

Upatanishi ulifanywa na Stephen Taylor, daktari na mjumbe wa Baraza la Malordi la Uingereza. Akawa anakwenda upande huu, anarudi upande ule, maana wenyewe hawakutaka kukaa meza moja. Tarehe 23 Julai wakatia saini Saskatoon. Madaktari walibaki watu huru wanaolipwa kwa kila huduma, wala hawakuwa waajiriwa wa serikali kama walivyohofia, na bima ikabaki kuwa ya kila mtu.

Lloyd alisimama bila kutetereka majuma yale matatu, na 1964 wapiga kura wakamwondoa. Aliyemshinda, Ross Thatcher, alikuwa mpinzani wa ujamaa kwa kila pumzi, lakini bima hakuithubutu. Miaka miwili tu na watu walishaizoea.

Mwalimu wa Zamu

Sasa naelewa kwa nini ulisema tulikumbuke jina la Lloyd. Huwa tunamkumbuka aliyetangaza, tunamsahau aliyebeba.

Mtumbwi

Na hao madaktari walikuwa wabaya wote? Mimi mtoto wa mganga wa zahanati, nataka kusikia upande wao.

Nyika ya Ngano

Hapana, Mtumbwi, hawakuwa wabaya. Wengi wao walikuwa wametibu watu bure kipindi cha ukame. Baadhi walikuwa wamekimbia mfumo wa matibabu ya serikali ulioanza Uingereza 1948 na waliogopa kuamriwa na karani namna ya kutibu. Tena kulikuwa na madaktari waliounga mkono bima wakatengwa na wenzao, wakanyimwa nafasi hospitalini. Makubaliano ya Saskatoon yaliwasikiliza pakubwa. Kuna wanaosema yaliwasikiliza kupita kiasi, na kwamba mzizi wa foleni za leo uko humo.

Nimalizie upande wa Ottawa. Oktoba 1962 Douglas alipata kiti huko Burnaby, pwani ya magharibi. Jaji Emmett Hall, aliyewekwa kwenye tume ya afya na serikali ya kihafidhina ya waziri mkuu Diefenbaker, akaja na ripoti 1964 akisema nchi nzima ifuate njia ya Saskatchewan. Waziri mkuu Lester Pearson hakuwa na wabunge wa kutosha peke yake, na NDP ya Douglas ikawa inambana bila kuchoka. Desemba 1966 sheria ikapita kwa kura 177 dhidi ya 2. Fedha zikaanza kutoka 1968, na kufikia 1972 kila mkoa ulikuwa ndani.

Hakuwahi kuwa waziri mkuu wa Kanada. NDP chini yake haikuwahi hata kukaribia.

Kijukuu wa Pwani

Na ilikuwaje 1970? Nimewahi kusikia alisimama kinyume na nchi nzima.

Nyika ya Ngano

Umenigusa penye utamu. Oktoba 1970 kundi la FLQ, lililotaka mkoa wa Quebec ujitenge, lilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza James Cross na waziri wa Quebec Pierre Laporte. Waziri mkuu Pierre Trudeau akaitumia Sheria ya Hatua za Vita (War Measures Act). Polisi wakakamata watu zaidi ya 400 bila mashtaka, wakiwemo waimbaji, waandishi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Nchi ilimuunga mkono Trudeau kwa kishindo. Laporte akauawa, hasira zikapanda zaidi.

Douglas akasimama bungeni akapinga. Alisema serikali imechukua nyundo ya kupasulia mawe ili kuvunja karanga. Alizomewa, na barua za matusi zikamiminika ofisini. Wengi wa wabunge wake walipiga kura pamoja naye, wachache wakamwacha. Umaarufu wa chama ukashuka. Miaka mingi baadaye hata baadhi ya waliompinga walikiri kwamba alikuwa na haki.

Na hapa kuna jambo lililonihuzunisha. Wakati akitetea watu wasifungwe bila kosa, polisi wa usalama walikuwa na jalada lake tangu miaka ya 1930. Walimfuatilia kwa zaidi ya miongo mitatu, hotuba zake, marafiki zake, mazungumzo yake. Jalada lina kurasa zaidi ya 1,000. Wanahabari walipoomba lifunguliwe baada ya kifo chake, serikali ilipigana mahakamani kuficha sehemu yake.

Mtumbwi

Waziri mkuu wa mkoa, miaka 17, anafuatiliwa na polisi wa nchi yake. Duh.

Mwalimu wa Zamu

Dada, mbali na afya alifanya nini? Na alikosea wapi kiutawala?

Nyika ya Ngano

Alipeleka umeme mashambani. Mwaka 1944 mashamba yenye umeme yalikuwa ya kuhesabu, na kuanzia 1949 nguzo zikaanza kusambaa nyikani. Wanawake wazee hapa kazini, ukiwataka wamkumbuke Douglas, wengi hawaanzi na hospitali. Wanaanza na siku taa ilipowaka jikoni. Mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, mkoa wake ulikuwa na sheria ya haki za binadamu, ya kwanza Kanada. Mwaka 1960 wenyeji asilia wakapata haki ya kupiga kura za mkoa. Wamechelewa mno, na sera zake kwao zilikuwa na tabia ya kuwaamulia kama watoto. Hilo nalo linastahili kusemwa.

Kukosea? Alijaribu viwanda vya serikali: viatu, ngozi, masanduku, sufu. Vilikufa. Bima ya magari ya serikali ipo mpaka leo, ndiyo ninayolipia gari langu.

Toronto Mbagala

Na yule mwigizaji Kiefer Sutherland ni mjukuu wake, au nimechanganya?

Nyika ya Ngano

Hujachanganya. Shirley Douglas, binti yake, aliolewa na Donald Sutherland, na Kiefer ni mtoto wao. Shirley alipigania bima ya umma hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 2004 Wakanada walipopiga kura kwenye televisheni ya taifa kumchagua Mkanada mkuu kuliko wote, walimchagua babu, mbele ya mawaziri wakuu wa nchi na wanamichezo wote.

Aliacha uongozi wa chama 1971, akamwachia David Lewis, akaendelea kuwa mbunge wa kawaida wa kisiwa cha Vancouver hadi 1979. Alifariki kwa saratani Ottawa, tarehe 24 Februari 1986, na amezikwa makaburi ya Beechwood.

Daktari Kijijini

Swali langu la mwisho, la kitaaluma. Ule mguu? Maambukizi ya mfupa yana tabia ya kurudi.

Nyika ya Ngano

Ulimsumbua maisha yote, daktari. Vita ya pili ilipoanza alijiandikisha jeshini, na akakaribia kutumwa Hong Kong na kikosi cha Winnipeg. Madaktari wakauona mguu wakamwondoa kwenye orodha. Wenzake waliokwenda waliangukia mikononi mwa Wajapani Desemba 1941, waliuawa au kufungwa. Ule mguu ulimwokoa mara ya pili.

Kijukuu wa Pwani

Weyburn ni mbali na hapo ulipo? Lile kanisa bado lipo?

Nyika ya Ngano

Ni kama kilomita 115 kusini mashariki, barabara imenyooka, kushoto ngano kulia ngano. Jengo la kanisa la mbao lilihamishwa kutoka mahali pake na sasa ni kituo cha sanaa chenye jina lake, na mjini kuna sanamu yake ya shaba iliyozinduliwa 2010. Kaka anakuja kunitembelea mwezi Juni, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nimeshamwambia tutakwenda. Tukirudi nitaweka picha hapa hapa.